Mlango Unaotazama Mtoni

Kitui,
Jumapili, 1 Juni 2025

Susu,

Kabla hata ya salamu nakuomba: barua hii isome peke yako, usiisome kwa sauti, na usiiweke ndani ya Biblia, maana wageni wako wote huifungua hiyo Biblia. Ukimaliza, itie motoni. Neno moja la humu likitoka nje ya jikoni yako, mimi sina kazi, na huenda nikasimama mahali ambapo huwa naona wengine wakisimama. Sikukupigia kwa sababu simu yako inashinda dukani ikichajiwa, na kila anayekuja kununua chumvi huisoma. Nimempa Mama Nthiwa barua hii kwa kuwa ni muuza ndengu, hupita Mbumbuni kila wiki mbili, na hajui kusoma.

Sasa salamu. Hujambo? Mguu je? Mimi ni mzima ila nimechoka, silali vizuri. Huku mvua ilikatika mapema na maji ya mfereji yanakuja Jumatano tu. Kanisani wameniweka kwaya ya pili, ile ya wasiojua kuimba. Blauzi uliyonitumia niliipata. Mikono ni mirefu lakini nimeikunja.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua kazi yangu hapa mahakamani, na jina la ofisi sitaliandika. Napokea faili, nazigonga muhuri, nazipeleka kwa jaji, nazirudisha kabatini. Sisomi yaliyomo isipobidi. Jumanne nilipewa ombi lililotoka gerezani. Jina juu ya jalada lilikuwa Nzuki. Wako akina Nzuki wengi Ukambani hii, kwa hivyo nilifungua kuhakikisha kwamba si yeye. Ni yeye, Susu. Ni baba.

Anaomba mambo mawili. Kwanza, ile miaka miwili na nusu aliyokaa rumande kabla ya hukumu ihesabiwe. Pili, kifungo kilichobaki akitumikie nje, nyumbani, chini ya afisa wa probesheni. Jaji hawezi kukubali kabla ya kupata ripoti kutoka nyumbani: nani atampokea, atalala wapi, majirani wanasemaje, na waliofiwa wanasemaje. Ripoti hiyo imo ndani ya faili. Imeandikwa na afisa anayeitwa Abdiqani, na kwa kuwa ndugu za baba walihamia Kwale na wazazi wake walikufa, afisa alikuja kwako.

Nanukuu, na Mungu anisamehe kwa kunukuu: "Mama mkwe wa mfungwa anasema hajawahi kumtazama usoni. Hakukubali hata kulitaja jina lake. Alipoulizwa kama mfungwa anaweza kuishi kwake, alisema haiwezekani wala isiulizwe tena. Mama wa marehemu hakupatikana. Majirani walisema yuko shambani na kikundi cha wanawake. Kwa maoni yangu, familia haiko tayari kumpokea."

Ripoti hiyo ikibaki ilivyo, baba atakaa ndani hadi mwaka wa 2029.

Sikulaumu. Najua alichofanya, najua mama alivyokwisha kidogo kidogo baada ya hapo. Nauliza tu: kweli ulisema hivyo?

Mjukuu wako,
Kalunde


Mbumbuni,
22 Juni 2025

Kalunde wakwa,

Nimeipata barua. Mama Nthiwa aliileta ndani ya gunia la ndengu, ina vumbi, lakini mwandiko wako bado ni mzuri. Mimi sijambo. Mguu ni ule ule, unanitangulia kujua baridi. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, tumewapa mbuzi. Mbaazi zimesimama na zina maua, Mungu akipenda tutakula mbaazi. Ile mbuzi nyeupe ilizaa mapacha, mmoja akafa. Pasta wetu mpya anahubiri saa mbili na nusu na watu wameanza kuja na viazi vitamu kanisani.

Umeniuliza jambo na nitakujibu.

Yule kijana alikuja mwezi wa tatu. Ulikuwa mwezi wao wa kufunga, hata maji hakukubali, na jua lilikuwa kali. Nilimwonea huruma. Ana adabu. Alikaa kwenye kigoda, akafungua karatasi yake, akauliza maswali kama daktari. Mimi nilimjibu ukweli. Sikuongeza, sikupunguza. Kama ameandika niliyosema, basi ameandika niliyosema.

Unaandika kwamba hunilaumu. Mtu asiyelaumu haandiki hivyo.

Kula vizuri. Kukonda si elimu.

Ni mimi Susu yako,
Wayua


Kitui,
6 Julai 2025

Susu,

Salamu nyingi. Huku ni baridi, asubuhi ukungu unashuka hadi barabarani, na karani mwenzangu mmoja ameenda likizo, kwa hivyo kazi ya wawili inafanywa na mimi. Nimefurahi kuhusu mbaazi. Pole kwa mwana-mbuzi.

Nimesoma jibu lako mara nyingi. Nimeelewa kwamba ulisema kweli. Labda mimi ndiye nilikuwa nimejidanganya. Nilipokuwa shule ya bweni na wasichana wengine wakitembelewa, nilikuwa najiambia kwamba nyumbani kuna mtu mmoja anayemkumbuka baba, hata kama hamtaji. Sijakusikia ukimtaja hata siku moja. Ulikuwa ukisema "yule mtu." Nilidhani ni huzuni.

Kuna jambo jingine na ndilo linaloninyima usingizi. Nilifungua ile faili tena. Sikupaswa. Mwanzoni mwa ombi kuna fomu aliyoijaza mwenyewe. Mahali pa mke ameandika "Marehemu." Mahali pa watoto ameandika "Hana."

Hana, Susu. Kwa mkono wake.

Na mimi nilipoajiriwa nilijaza fomu pia. Iliuliza kama nina jamaa aliye gerezani au mwenye kesi. Niliandika "Hakuna." Vyeti vyangu vyote vinasema Kalunde Kisilu, jina la babu, na hakuna aliyeuliza zaidi. Kwa hivyo sasa mimi sina baba kwenye karatasi na yeye hana mtoto kwenye karatasi, na karatasi zote mbili ziko katika jengo moja.

Ombi litasikilizwa Alhamisi, tarehe 2 Oktoba. Kama kuna lolote unaloweza kumwambia yule afisa, bado kuna muda. Kama hakuna, niambie hivyo kwa maneno mepesi, nami sitauliza tena.

Kalunde


Mbumbuni,
19 Agosti 2025

Kalunde,

Usishangae kuchelewa. Mama Nthiwa aliugua kifua, barua yako ikakaa kwake mwezi mzima chini ya debe. Sasa amepona.

Sina nafasi ya kuandika mengi. Tuko kazini upande wa Tawa wiki hii na ijayo, tunatoka alfajiri, na mikono yangu haishiki kalamu vizuri jioni. Nakutumia mbaazi kavu vikombe sita. Zichemshe na magadi kidogo tu, wewe huwa unazidisha.

Kuna mambo mtu hatamkiwi. Na jambo hili usiandike kila kona, wewe mwenyewe ulisema ni siri.

Susu


Kitui,
31 Agosti 2025

Susu,

Naandika haraka kwa sababu Mama Nthiwa anaondoka kesho asubuhi. Niko mzima. Mbaazi nimepika, magadi nilizidisha.

Nina aibu, na nataka kuandika aibu hiyo kabla haijapoa.

Kuna mzee anaitwa Kaloki ambaye huja dirishani kwetu kila Ijumaa. Alifungwa miaka tisa, akajifunza sheria kule ndani, na tangu atoke anafuatilia maombi ya wafungwa wasio na wakili. Hana ofisi, ana mfuko wa plastiki wenye karatasi na kofia ambayo haivui. Makarani wanamkwepa kwa sababu ana maswali mengi. Ijumaa alikuja na barua ya ruhusa kuona faili ya baba. Nilimpa. Akasoma ile ripoti amesimama hapo hapo, akiisoma kwa midomo. Alipofika kwenye maneno yako alianza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, hadi akashika dirisha.

"Kuna nini, mzee?" nikamwuliza.

"Dada, wewe si Mkamba?"

"Ni Mkamba."

"Hata! Wewe ni Mkamba wa kitambulisho. Soma hapa. Hajamtazama usoni. Hawezi kutaja jina. Hawezi kulala kwake. Huyu mama amefanya kosa gani? Ulitaka amtazame mkwe wake usoni? Amwite kwa jina kama mbuzi? Alale naye nyumba moja?" Akapiga ile karatasi kwa kidole. "Hii ni nthoni, dada. Hii ni heshima ya mama mkwe na mkwe. Huyu mama amemheshimu huyo mfungwa mbele ya serikali, na serikali imeandika kwamba anamchukia!"

Watu kwenye foleni waligeuka. Mwanamke mmoja mzee nyuma yake akasema, "Na alikuwa ajibu nini, kwani?" Akaonekana amekasirika kwa niaba yako.

Susu, mimi nilijua. Nilikuona utotoni ukiingia kwenye mahindi baba alipokuwa akija na mama kukusalimu. Nilikuona ukimpelekea uji kwa mkono wangu, nami nikiuweka chini nje ya mlango. Nilidhani hayo yalikuwa ya wakati ule, kama mafuta ya taa. Nilienda shule ya bweni nikiwa na miaka kumi na miwili, nikajifunza kusoma maneno, na nilipoyasoma maneno yako yaliyoandikwa na yule afisa, mtu wa Garissa, nikayasoma kama mtu wa Garissa. Yeye ana udhuru. Kwao mama mkwe ni mama. Nisamehe.

Kaloki anasema ripoti inaweza kufanywa tena afisa akiombwa. Lakini hacheki anaposema yanayofuata. Jaji atataka vitu vitatu: mahali pa kulala, neno la jamii, na mtu mmoja wa ukoo, wa damu, anayeweza kupatikana siku yoyote. "Hawa ndio wanaokosekana siku zote," akasema. "Nyumba hupatikana. Kanisa huandika barua. Mtu wa kusema huyu ni wangu, hapo ndipo unaona ukoo mzima umeenda kuchota maji. Na huyu Nzuki hana hata mtoto."

Nilimgongea muhuri nakala zake. Nikamwita aliyefuata kwenye foleni.

Susu, unaniandikia kwamba kuna mambo mtu hatamkiwi. Hili nitamkie. Kwa nini aliandika "Hana"?

Kalunde


Mbumbuni,
20 Septemba 2025

Kalunde wakwa,

Hujambo mtoto wa mtoto wangu. Sisi hatujambo. Mapacha, yaani yule mmoja aliyebaki, amenenepa. Upepo wa kabla ya mvua umeanza na mabati ya kanisa yanapiga kelele, pasta anamaliza mapema, tunamshukuru Mungu.

Nitaandika kirefu mara moja, kisha usiniulize tena hadi nife.

Aliandika "Hana" kwa sababu mimi nilimtumia neno. Ulipopata kazi hiyo nilifurahi hadi nikaogopa. Nikasema, huyu mtoto ataingia mahakamani kwa mlango wa mbele, asivutwe nyuma na mtu. Mimi siwezi kwenda kumwona, unajua. Nikamtuma Kanini, mwenyekiti wetu wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, aende gerezani na sabuni na aseme: mtoto ameajiriwa mahakamani, asitajwe popote. Kanini alisema mtu yule aliuliza unakaa wapi, kisha akasema asiambiwe ili asije akasahau akataja. Na jina la Kisilu pia ni mimi nililiandikisha shuleni. Kama ni kosa, ni langu kabla ya kuwa lako.

La pili. Uliandika kwamba mama ya Ndeti, yule kijana aliyekufa, hakupatikana nyumbani, alikuwa shambani na kikundi cha wanawake. Kikundi hicho ni sisi.

Unakumbuka Ndeti na mkwe wangu walipigana mtoni, ng'ambo, upande wa Kitui, wakigombania zamu ya kupakia mchanga, na mpini wa koleo ukafanya ulichofanya. Ndeti alikuwa mtoto pekee. Mama yake anakaa kule chini ya Tawa kwenye mteremko ambao mvua moja inaweza kuubeba wote. Mwanawe hayupo, na mkwe wangu aliyemwua yuko ndani, nani atachimba matuta ya yule mama? Nilisimama kwenye mkutano wa kikundi, nilikuwa mwandishi, nikasema: sisi wanawake ishirini na wawili huchimba leo kwa huyu, kesho kwa yule. Zamu yangu mimi sitaki. Zamu yangu pelekeni kwa mama ya Ndeti. Kanini akasema, "Ukikosa zamu shamba lako litakwenda na maji." Nikasema liende.

Mwaka wa kwanza alitukuta tunachimba akatufungulia mbwa. Wayua mzima na umri wangu, nilikimbia. Mwaka uliofuata tulirudi, tukakuta mbwa amefungwa. Tukachimba. Ni miaka kumi na moja sasa. Hajasema amesamehe, na sisi hatukumwuliza. Siku za palizi anatoka na jembe lake anaingia katikati yetu. Mwezi wa nane tulikuwa huko, ndiyo sababu mikono yangu haikushika kalamu. Sikukwambia kwa sababu kitu kama hicho ukikitangaza kimekuwa deni.

Lakini yule kijana Abdiqani amerudi. Huyo Kaloki wako alimpigia simu. Safari hii alikuja na Kanini, mimi nikakaa jikoni nikajibu kupitia ukutani, maana ni mambo ya mkwe, na kijana akaandika huku akisema "Samahani mama, sikujua, samahani." Mara hii alikubali chai, vikombe vitatu. Akateremka hadi kwa mama ya Ndeti akampata. Aliyosema yule mama ni haya tu: kwamba shamba lake lina matuta, na udongo wake bado uko. Kijana akauliza, "Na huyo mfungwa akirudi?" Akasema, "Akirudi aje achimbe mwenyewe, hawa mama wamezeeka."

Mahali pa kulala pia pamepatikana. Kipande changu cha chini, kule kwenye mipapai, tunamjengea chumba. Matofali ni yale ya choo cha kanisa yaliyobaki, fundi ni mtoto wa Kanini. Wamama walitaka mlango uelekee kwangu, ati tuwe boma moja. Nikawauliza kama wamelewa. Mlango utatazama mtoni. Na njia yake itatokea chini, kwenye barabara ya punda, asipite uani kwangu. Chakula Kanini atakishusha. Tutasikiana tukikohoa. Kukohoa hakuna nthoni.

Utaona barua ya kikundi imeenda mahakamani na mwandiko si wangu, umepinda kama nyoka. Usikasirike tena. Mimi ni mwandishi miaka yote hiyo, lakini barua ile ilibidi itaje jina lake mara saba. Nilimpa Kanini kalamu. Nilimwambia tu mahali pa kuweka nukta.

Vitu viwili vya Kaloki vimepatikana. Cha tatu sitakuambia ufanye nini. Nilikuficha miaka kumi na miwili, siwezi kukufichua kwa siku moja. Ukikaa kimya sitakulaumu, na mimi nikisema silaumu, silaumu.

Susu yako,
Wayua

Barua zako sikuzichoma. Mwandishi wa kikundi hachomi karatasi.


Kitui,
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Susu,

Hii usiifiche. Isome kwa sauti ukitaka. Iweke kwenye Biblia.

Niko mzima. Nimechoka kama mtu aliyebeba maji ya watu wengine. Huku mawingu yamekuja na kurudi. Nitaanza na Jumatano.

Nilienda kwa mkubwa wangu wa masjala, Bwana Kitheka. Nilikuwa nimeandika nitakachosema kwenye kiganja kwa kalamu, jasho likafuta. Nikasema tu: "Yule Nzuki wa kesho ni baba yangu." Akaweka miwani mezani.

"Ulifungua faili?"

"Nilifungua."

"Mara ngapi?"

"Mara nne. Na nilimwambia mtu wa nyumbani yaliyomo."

"Kalunde," akasema, "ningetamani ungekuwa umeniambia la kwanza bila kuniambia hilo la mwisho." Kisha akanipa karatasi niandike yote na tarehe. Ameniondoa dirishani. Sasa niko stoo ya faili za zamani, nafuta vumbi, hadi kamati ya nidhamu ikae. Huenda wakaniachisha. Hawajasema. Nikikuambia siogopi, nitakuwa nimeongeza uongo mwingine juu ya ule wa fomu.

Alhamisi nilikaa benchi la nyuma kabisa. Baba aliletwa na wengine wanne. Sikumtambua hadi alipoinama kupita mlango, maana bado anainama ingawa mlango ule ni mrefu. Ana mvi. Kaloki alikuwa amevua kofia. Kumbe ana upara. Jaji alisoma ripoti ya pili ya Abdiqani kimya, na alipofika mahali fulani akairudia. Akauliza kwa nini mlango wa nyumba utazame mtoni. Abdiqani akasimama, akaeleza nthoni pole pole kama mwanafunzi aliyekariri, na wazee wote mle ndani wakatikisa vichwa kumsaidia.

Kisha jaji akasema: "Mahali papo. Jamii ipo. Hata upande wa waliofiwa haupingi. Lakini akina mama hawa wazee wakiugua, ofisi ya probesheni itampigia nani? Kuna mtu wa damu yake hapa?"

Kaloki alianza kusema kwamba mfungwa hana mtoto. Nikasimama.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtoto wake, Mheshimiwa."

Akatazama karatasi. "Hapa imeandikwa hana."

"Imeandikwa vibaya, Mheshimiwa."

Susu, hapo baba akainua kichwa. Hakunitazama mimi, alimtazama jaji, akasema kwa sauti iliyonyooka: "Mheshimiwa, huyo msichana mimi simjui. Ni karani wa hapa. Msimwingize."

Watu wakaguna. Mmoja akacheka. Jaji akaweka kalamu chini. "Huyu anasema ni babake, huyu anasema hamjui. Nimwamini nani?"

Nikajibu bila kupanga, mimi ambaye hupanga hata salamu. Nikasema, "Mheshimiwa, hata nyanya yangu alisema hamjui, na ndiye anayemjengea nyumba. Kwetu ndivyo tunavyotunzana. Mimi ndiye wa kwanza kuchoka na kukanana huko."

Kaloki alijipangusa macho kwa kofia. Baba aliinamia chini, mabega yakawa yanakwenda juu na chini, na askari aliyekuwa karibu naye akageukia dirisha.

Jaji aliahirisha kidogo, akarudi, akasoma. Rumande imehesabiwa. Kilichobaki atakitumikia nyumbani chini ya Abdiqani. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi ataripoti kwa chifu, na siku za kazi za jamii atachimba pale ambapo mama ya Ndeti atakubali achimbe. Atatoka gerezani Ijumaa hii, tarehe 10. Nilizungumza naye dakika mbili kwenye korido, pingu zikiwa bado mkononi. Aliuliza, "Kazi itakuwaje?" Nikasema sijui. Akauliza, "Mlango unatazama mtoni kweli?" Nikasema kweli. Akasema, "Mwambie asante. Hapana, usimwambie nimemtaja."

Kwa hivyo sijakuambia.

Mwambie fundi aharakishe paa, mvua haitasubiri kamati. Kaloki atamleta hadi sokoni Mbumbuni, kutoka hapo Kanini ampitishe barabara ya punda. Wewe utajua pa kukaa saa hiyo.

Sasa andika haya kwenye kitabu cha kikundi, ukurasa wa mbele, yampate chifu, na Abdiqani, na mama ya Ndeti naye kama atataka siku moja kuniita anitukane. Mimi ndiye niliyeandikwa mahakamani kwamba nitapatikana siku yoyote kwa ajili yake. Namba yangu ni ile ile na sitaizima usiku. Mchana, hadi watakapoamua, niko stoo ya masjala; mtu aulize mlinzi wa lango la nyuma, si dirishani. Jumapili niko kanisani hadi saa saba, kwaya ya pili, mstari wa nyuma. Nyumbani, mtu akishuka stendi ya Kitui afuate barabara ya kinu cha posho hadi lango la mabati ya buluu, aingie, mlango wa tatu mkono wa kushoto, wenye ndoo mbili nje. Akikuta nimefunga, asiulize Kalunde Kisilu. Nimewaambia majirani wote jina jipya, na la zamani wameanza kulisahau. Aulize Kalunde wa Nzuki.

Wewe ukija, Susu, njoo na Mama Nthiwa. Yeye ndiye atakayeuliza.

Mjukuu wako,
Kalunde